Spika za Nyumbani: Usiulize Wati, Uliza Utakaa Nazo Muda Gani

Kila wiki hapa Malindi hunijia mtu na swali lile lile: "Fundi, ninunue spika ya wati ngapi?" Nami humjibu kwa swali langu: wewe wapenda kusikiliza kwa muda gani? Spika ya kuchezesha watu harusini usiku mmoja si spika ya kukaa nayo ukumbini toka alasiri mpaka baada ya isha, kila siku, mwaka hadi mwaka. Ya kwanza yatakiwa ishinde kelele za watu. Ya pili yatakiwa isikuchoshe. Na madukani petu, kuanzia hapa mjini hadi Kilifi na Mtwapa, aghalabu tunauziwa ile ya kwanza kwa jina la ile ya pili.

Makala haya nawaandikia wale wa kukaa kitako: mzee mwenye taarab zake, mama mwenye kisomo na redio yake jikoni, kijana anayesoma huku muziki ukilia taratibu. Jambo lenyewe laonekana dogo, lakini nimeliona likigharimu watu zaidi ya pesa. Nawajua wazee walioacha kusikiliza nyimbo walizozipenda maisha yao yote, wakidhani ni masikio yamezeeka au muziki wenyewe hauna ladha tena. Wengi wao hawana tatizo la masikio. Wana tatizo la spika.

Sisi ni watu wa maneno

Tuanze na kile tunachosikiliza, maana chombo huchaguliwa kwa kazi yake. Siti binti Saad alitoka Unguja mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri za HMV, na santuri zile zikasikika upwa mzima. Kabla ya uhuru watu wa hapa walikuwa na Sauti ya Mvita kutoka Mombasa. Kisha zikaja kanda: za Juma Bhalo, za Zein l'Abdin wa Lamu, za Maulidi Juma, nyingi zikitoka kwenye maduka kama Mbwana Radio Service pale Mombasa, zikinakiliwa na kupitishwa mkono kwa mkono hadi utepe unachakaa. Leo ni simu na flashi. Kilichobadilika ni chombo tu. Desturi ni ile ile, kukaa na kusikiliza maneno.

Taarab ya pwani ni mashairi kwanza, ala baadaye. Aliyekosa neno amekosa wimbo, kwa sababu fumbo lote limo kwenye neno moja. Kisomo ni vivyo hivyo, darasa ni vivyo hivyo, na habari za Pwani FM ni vivyo hivyo. Kwa hiyo spika ya nyumba ya pwani, kabla ya kuulizwa kama ina besi, iulizwe kama yaweza kusema. Sauti ya mwanadamu itoke kifuani, iwe na mwili, na kila herufi isikike bila ya kukuchoma.

Kwa nini sikio huchoka

Mtu husema "muziki umenichosha" bila ya kujua ni kitu gani hasa kilichomchosha. Kwa kawaida ni mojawapo ya mambo manne, au yote kwa pamoja.

La kwanza ni ukali. Sikio la binadamu ni jepesi zaidi kwa sauti zilizo kati ya hezi 2,000 na 5,000 hivi. Kilio cha mtoto mchanga kina nguvu nyingi hapo, ndiyo maana hakipuuziki. Spika nyingi za bei nafuu hutengenezwa zikiwa zimesukumwa juu sehemu hiyo na sehemu inayofuatia, kwa sababu zikiwa dukani husikika "safi" kuliko jirani zake. Dakika tano ni safi kweli. Dakika arubaini zikipita, kila "s" yawa mluzi, na tashkota, ala ambayo hata kwa asili yake ni kali, yawa kama msumari unaokwaruza kioo.

La pili ni sauti kupasuka. Ampu ndogo ikilazimishwa kutoa zaidi ya uwezo wake, hukata vilele vya mawimbi ya sauti. Vilele vikishakatwa huzaa sauti nyingine kali ambazo hazimo kwenye wimbo. Waweza usizitambue kama mkwaruzo, ila baada ya muda utajikuta wataka tu kuzima. Twita, kile kispika kidogo cha sauti za juu, nacho huumia. Nimefungua spika nyingi zenye twita zilizoungua, na mara nyingi ampu yake ilikuwa ndogo inayopigwa hadi mwisho, wala si ampu kubwa.

La tatu ni besi isiyojua kunyamaza. Besi nzuri hugonga na kuacha. Besi mbaya huvuma, na mvumo ule hufunika maneno. Hapo akili yako yaanza kazi ya ziada: yakisia neno lililofunikwa, neno baada ya neno, kwa saa mbili. Ndiyo maana unainuka umechoka ilhali ulikuwa umeketi tu.

La nne ni wingi wa sauti kwa muda mrefu. Hili si la uchovu pekee, ni la afya. Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba mtu mzima aweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki pasi na hatari kubwa kwa sikio. Kwa watoto kiwango ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Na hesabu hiyo hushuka haraka: kila ukiongeza desibeli 3, muda wagawika nusu. Ukifika desibeli 90, zile saa 40 zimebaki kama 4 tu kwa wiki nzima. Huna kipimo? Basi tumia hiki: kama walazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, umeshafika pale masikio yanapoanza kuliwa. Haba na haba hujaza kibaba, na sikio likishaharibika hivyo halirudi.

Wati zilizo kwenye boksi

Sasa turudi kwenye lile swali la wati. Boksi linaandika 10,000, lingine 20,000, pembeni herufi PMPO. Herufi hizo hazina kipimo chochote kinachokubaliwa na wote. Kila kiwanda huandika kitakacho. Herufi zenye maana zaidi ni RMS, yaani nguvu ambayo ampu yaweza kuitoa mfululizo. Lakini hata usipoiona RMS, ipo njia ya kujua ukweli papo hapo dukani. Geuza seti nyuma, tafuta kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme, usome ni wati ngapi seti hiyo yavuta kwenye soketi. Ikiwa yavuta wati 60, haiwezi kutoa mfululizo sauti ya wati zaidi ya hizo 60, hata boksi liape vipi. Na katika hizo, nyingine zapotea kwa joto na kwa zile taa za rangi.

Habari njema ni kwamba huzihitaji. Spika za kawaida za nyumbani hutoa kama desibeli 86 hadi 90 ukizipa wati moja tu na kusimama mita moja mbele yake. Mazungumzo ya watu wawili sebuleni ni desibeli 60 na kidogo. Kwa hiyo jioni nzima ya kusikiliza taratibu, mtu aliyekaa mita mbili au tatu kutoka kwenye spika zake anatumia chini ya wati moja kwa muda mwingi. Zinazobaki ni akiba ya pale ngoma inapogonga ghafla. Na jua hili pia: kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, tofauti ndogo unayoitambua kwa kusikiliza vizuri. Ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu, wahitaji wati mara kumi hivi.

Kwa hivyo, ukiwa na pesa za kuongeza, usinunue wati. Nunua spika yenyewe iliyo bora zaidi. Wati 30 za kweli kila upande zinatosha sebule nyingi za hapa petu na kubaki.

Wufa na vitoto vyake

Seti inayouzwa sana kwetu ni wufa moja kubwa sakafuni na vispika viwili, vinne au vitano vidogo vya plastiki. Siikatai moja kwa moja. Kwa sinema na kwa mpira yaburudisha. Lakini msomaji aelewe kasoro yake, maana ndiyo inayowachosha wasikilizaji wa maneno.

Sauti ya mwanamume azungumzapo huanzia takriban hezi 85 hadi 180. Ya mwanamke huanzia kama 165 hadi 255. Hapo ndipo ulipo mwili wa sauti, ule uzito wa kifua. Vispika vidogo vyenye koni ya inchi mbili au tatu haviwezi kuteremka hadi huko kwa nguvu. Nayo wufa imetengenezwa kwa ajili ya mtikisiko wa chini zaidi. Pale katikati pabaki pengo, na sauti ya msomaji au mwimbaji yatumbukia humo humo. Utasikia mdundo chini na mluzi juu, na katikati mtu anayezungumza kama aliye ndani ya mtungi. Mnunuzi akiona maneno hayasikiki, aongeza sauti. Akiongeza, besi na ukali vyaongezeka pia, lakini lile pengo libaki pale pale.

Bi mkubwa mmoja wa mtaa wa Shella hapa Malindi aliniita nimtazamie seti ya namna hiyo. Aliniambia masikio yamekwisha: akiwasha nyimbo zake, nusu saa tu kichwa kimemuuma, azima. Niliikuta wufa imesukumwa kona ya ukuta nyuma ya kochi. Vispika vilikuwa vimepigiliwa misumari juu karibu na dari, na sauti za juu zimefunguliwa hadi mwisho. Chini ni vigae vitupu. Siku ile sikumwambia anunue kitu. Niliitoa wufa konani nikaipunguza hadi ikawa yasikika kwa shida. Vispika nikaviteremsha juu ya meza, kimo cha masikio yake akiwa ameketi. Nikarudisha sauti za juu chini ya nusu, na wajukuu wakatandika busati mbele yake. Alisikiliza mpaka adhana ya magharibi. Baadaye wanawe walimletea spika mbili za boksi za mtumba, na ile seti wakaiacha kwa televisheni. Masikio yake hayakuwa yamekwisha.

Spika ya kutafuta

Kwa kusikiliza kwa muda mrefu, mimi hupendekeza jozi ya spika za boksi, moja kulia na moja kushoto. Kila moja iwe na koni ya inchi tano hadi nane na twita yake. Koni ya kiasi hicho huubeba mwili wote wa sauti ya mwanadamu bila kuachiwa pengo. Boksi liwe zito na gumu. Ligonge kwa kifundo cha kidole. Likijibu kwa sauti fupi iliyokufa, ni zuri. Likilia kama debe, litalia hivyo hivyo kila siku ndani ya nyimbo zako.

Usidhani udogo ni upungufu. Shirika la BBC la Uingereza, katika miaka ya 1970, lilitengeneza spika iitwayo LS3/5A kwa ajili ya kutumiwa na mafundi wake ndani ya magari ya kurushia matangazo, mahali finyu sana. Ni kiboksi unachoweza kukibeba kwa mkono mmoja, koni yake ni ya inchi tano, na besi yake si ya kutikisa mtu. Lakini ililengwa kwenye sauti ya mwanadamu, ili fundi anayekaa nayo kutwa aweze kusikia kama mtangazaji anasikika kama alivyo. Mpaka leo watu huzitafuta za zamani kwa bei kubwa. Huna haja ya kuinunua hiyo. Chukua funzo lake: anza na sauti ya mtu, besi ije nyuma.

Kama mfuko hauruhusu jozi na ampu, spika moja nzuri yashinda mbili mbovu. Kwa redio na kisomo, redio ya zamani yenye boksi la mbao na koni moja ya kutosha huweza kukupa raha kuliko seti mpya ya taa tatu. Spika ndogo za bluututhi nazo zafaa kwa jikoni na barazani, ila nyingi huongezewa besi kwa hesabu za ndani ili zionekane kubwa. Ukizifungua hadi mwisho hujibana na kuchosha. Ziweke karibu nawe, uzifungue nusu.

Jinsi ya kujaribu dukani

Muuzaji atakuwekea wimbo wake, mkubwa wa besi, kwa sauti ya juu. Mshukuru, kisha toa simu yako. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Weka kwanza sauti ya mtu mmoja unayeijua vizuri, iwe kisomo, hadithi au habari. Iteremshe hadi kiasi cha mazungumzo. Je, yasikika kama mtu aliyeketi mbele yako, au kama mtu wa kwenye simu? Sikiliza herufi "s" na "sh". Zikitoboa, iache spika hiyo, maana kwa ukali huo hutaizoea. Utaichukia zaidi.

Kisha weka wimbo wa udi au kanuni, halafu wenye tashkota au fidla. Utaka kusikia kidole kikigusa uzi, lakini usishtuke.

Mwisho weka wimbo wenye besi na usikilize kama waweza kufuata nota za besi moja moja. Zikiwa zote ni "bum" moja, hiyo ni boksi inayolia, si mpigaji.

Jaribio kubwa zaidi ni la muda. Omba kukaa nayo nusu saa, au umuombe muuzaji akuruhusu kuirudisha kesho yake. Katika nusu saa hiyo angalia mkono wako. Spika nzuri mkono hutaka kuiongeza kidogo. Spika mbaya mkono waenda wenyewe kuipunguza.

Na usihukumu kwa rekodi mbovu. Santuri za wakati wa Siti zilibeba sauti hadi hezi 5,000 hivi tu, ilhali sikio la kijana hufika 20,000. Juu ya hapo kwenye rekodi hizo hakuna muziki, ni mchakacho mtupu. Kanda zilizonakiliwa mara nyingi zina tabia kama hiyo. Kwa nyimbo hizo punguza sauti za juu, wala hupotezi kitu.

Mtumba na chumvi

Mtumba ni njia nzuri, na mara nyingi ndiyo njia ninayowaelekeza watu. Spika za boksi zilizotoka Uingereza, Japani au Dubai, zenye umri wa miaka ishirini, huweza kushinda seti mpya ya bei ile ile. Lakini pwani ina adui wawili: joto na hewa ya chumvi.

Fungua kitambaa cha mbele. Tazama ule ukingo unaoshikilia koni. Ukiwa wa sponji, uguse taratibu kwa kidole: ukimeguka au ukinata, umekwisha. Sponji huoza baada ya miaka kumi au kumi na tano, na joto na unyevu wetu huiharakisha. Fundi aweza kuubadilisha, kwa hivyo si mwisho wa spika, ni sababu ya kushusha bei. Ukingo wa mpira hukaa zaidi, ndio wa kutafuta kwa nyumba iliyo karibu na bahari.

Sukuma koni ndani kidogo kwa vidole vya mikono miwili, pande zote sawa, kisha iachie. Ukisikia mkwaruzo, koili yagusa sumaku. Iache. Tazama mahali pa kuunganishia waya. Kutu ya kijani ikiwa juu tu husuguliwa, ikiwa imeingia ndani ni matatizo. Mwisho soma nambari ya omu nyuma ya spika, kisha soma nyuma ya ampu yako. Ampu iliyoandikiwa omu 8 usiipe spika za omu 4. Itachemka, na siku moja itanyamaza.

Nyumbani, waya za kuungia spika zikatwe ncha upya kila mwaka au miwili zinapofanya weusi. Funika ampu kwa kitambaa ikiwa imezimwa na imepoa, kamwe si ikiwa inafanya kazi. Na chomeka kupitia kizuizi cha umeme, kwa sababu stima ikikatika na kurudi kwa kishindo, ampu ndiyo huumia mwanzo.

Chumba chako ni nusu ya spika

Hapa ndipo watu hupoteza raha ambayo wameshailipia. Spika ile ile katika vyumba viwili ni spika mbili tofauti.

Chukua chumba cha kupanga cha kumi kwa kumi, kama vile vilivyojaa mitaani petu. Futi kumi ni mita tatu na kidogo. Mawimbi ya besi yagongapo ukuta huu na ule, sauti ya karibu hezi 57 hujirudia na kujijenga. Kwa kuwa chumba ni mraba, urefu na upana vyavuma kwa nota ile ile, moja juu ya nyingine. Ndiyo ule mvumo usiokwisha. Dawa yake si kununua spika nyingine. Itoe spika konani, maana kona huzidisha besi. Iache nafasi ya mkono au nusu mkono kutoka ukutani. Wala usikae ukiwa umegandamana na ukuta wa nyuma, ambako besi hujaa. Sogeza kiti mbele kidogo, na usikilize tofauti.

Nyumba zetu za kale za mawe zilikuwa na bahati nyingine. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko, kwa hivyo vyumba vilikuwa vyembamba na virefu. Hata kwenye magofu ya Gede waweza kuviona vilivyo. Chumba chembamba na kirefu hakirundiki mvumo wote kwenye nota moja. Kuta zenye vidaka nazo huitawanya sauti badala ya kuirudisha moja kwa moja. Waliozijenga walikuwa wakifikiria boriti na hishima ya nyumba, si spika, lakini faida twaipata leo.

Paa la makuti hunywa sauti za juu na kuifanya nyumba itulie. Mabati na dari ya saruji huzirudisha zote. Ukiwa na kuta tupu na vigae chini, piga kofi moja katikati ya sebule. Ukisikia mlio kama wa chuma ukifuatia kofi lako, ndio huo huo utakaougeuza mwimbaji wako kuwa mkali. Tandika busati au zulia kati yako na spika, weka pazia zito dirishani, makochi ya kitambaa na kabati la vitabu pembeni. Mikeka yasaidia kidogo, zulia lasaidia zaidi.

Halafu panga spika zako mbili na kiti chako viwe pembe tatu, pande zote karibu sawa, mita mbili hadi mbili na nusu. Twita iwe kimo cha sikio ukiwa umeketi. Kama ni kali kidogo, usizielekeze moja kwa moja usoni. Zigeuze zitazame mbele. Na kadiri unavyokaa karibu, ndivyo unavyoweza kusikiliza kwa sauti ya chini na bado ukapata kila neno.

Usiku, na jirani

Lipo jambo ambalo huwafanya watu kuongeza sauti bila sababu. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwa vipimo kwamba sauti ikiwa ya chini, sikio hupungukiwa na besi zaidi kuliko sauti za kati. Wimbo ule ule ukiuteremsha usiku waonekana mwembamba. Mtu aongeza sauti akiitafuta besi, na jirani aamka. Badala yake ongeza besi kidogo kwa kitufe chake na uache sauti chini. Asubuhi ukifungua sauti zaidi, irudishe besi mahali pake.

Jirani naye ana haki yake. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zinaweka kiwango cha nje kwenye makazi kuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wao waanza baada ya saa mbili. Kwenye nyumba zetu zinazoshirikiana ukuta, besi ndiyo inayovuka, maneno hayavuki. Yule wa upande wa pili hapati wimbo, apata mgongo wake tu. Wufa iliyo sakafuni yaweza kuinuliwa juu ya kipande cha sponji nzito au zulia lililokunjwa, na ugomvi mwingi ukaisha hapo.

Tunayo pia desturi inayotufaa bila ya sisi kuihesabu: adhana ikilia, nyumba nyingi hupunguza au kuzima. Alasiri, magharibi, isha, masikio yapata mapumziko. Asiyekuwa na desturi hiyo ajiwekee yake, dakika kumi za kimya kila baada ya saa moja.

Basi ukienda dukani wiki hii, nenda na simu yenye sauti unazozijua, si na orodha ya wati. Geuza seti nyuma usome kibandiko. Sikiliza mtu akisema kabla hujasikiliza ngoma. Na kabla hata hujaenda, jaribu hili leo kwa spika ulizo nazo: zitoe konani, zishushe kimo cha sikio, punguza sauti za juu, tandika zulia. Ni kazi ya nusu saa isiyokugharimu hata shilingi moja. Na kama nyumbani mna mzee aliyeacha kusikiliza nyimbo zake, anza na spika zake yeye.